Katiba Iliyoandikwa kwa Mashaka: Kuyasoma Marekebisho ya 64 ya Colorado

Tarehe 6 Novemba 2012 wapiga kura wa Colorado walimpa Barack Obama ushindi wa jimbo lao, na kwenye karatasi hiyohiyo ya kura wakaiingiza bangi katika katiba ya jimbo. Marekebisho ya 64 yalipata zaidi ya asilimia 55, na idadi ya kura zake ilizidi ile aliyoipata Obama mwenyewe humo Colorado. Maduka ya kwanza ya kumuuzia bangi mtu mzima yeyote, bila kumdai cheti cha daktari, yalifunguliwa tarehe 1 Januari 2014. Habari za foleni, kodi na polisi zikaenea dunia nzima. Maandishi yenyewe yakabaki mikononi mwa mawakili.

Ni hasara, maana ni maandishi yenye fani ya kusomwa. Hayakutungwa na karani wa bunge. Yalitungwa na wanaharakati na mawakili waliokusanyika katika kampeni iliyojiita, waziwazi, kampeni ya kudhibiti bangi kama pombe, na Mason Tvert na Brian Vicente ndio waliokuwa sura zake. Yakapita njia ya pendekezo la raia: saini zaidi ya 86,000 za wapiga kura, kisha kura ya ndiyo au hapana. Gavana wa wakati huo, John Hickenlooper, aliyapinga. Basi watunzi walijua jambo moja tangu mwanzo: wakishinda, utekelezaji utaangukia mikononi mwa watu wasioutaka. Hoja ya makala haya ni kwamba kujua huko ndiko kulikoyapa maandishi umbo lake. Hii ni katiba iliyoandikwa kwa mashaka. Pale inapomshuku mtekelezaji, lugha yake ni kali na imedumu. Pale inapomwamini msomaji aelewe mfano, imelegea, na watu wamelipia ulegevu huo.

Ndani ya Mengineyo

Tuanze na mahali. Marekebisho haya ni kifungu cha 16 cha Ibara ya 18, na kichwa cha ibara hiyo hakina fahari yoyote: Mengineyo. Majirani zake humo ni kifungu kinachoruhusu kamari katika miji mitatu ya milimani (Central City, Black Hawk na Cripple Creek), kifungu kinachokataza aina fulani za mitego ya wanyama, kifungu cha kima cha chini cha mshahara, na kifungu cha 14, ambacho tangu kura ya mwaka 2000 kinawaruhusu wagonjwa kutumia bangi. Watunzi wangeweza kulenga Ibara ya 2, yenye Tamko la Haki, wakaweka kifungu chao karibu na uhuru wa kusema na wa kuabudu. Hawakufanya hivyo. Waliiweka bangi karibu na kamari, yaani kati ya mambo ambayo jimbo linayavumilia kwa masharti, si kati ya yale ambayo mtu anazaliwa nayo.

Lakini kwa nini katiba, na si sheria ya kawaida? Jibu lake ni la kimkakati. Mwaka 2012 pendekezo la raia la kubadili katiba na lile la kutunga sheria ya kawaida yalidai idadi ileile ya saini na wingi uleule wa kura. Tofauti ilijitokeza baadaye: sheria ya kawaida bunge lingeweza kuibadili kikao kinachofuata, katiba lisingeweza kuigusa bila kurudi kwa wananchi. Kwa bei moja, ni nani angechagua kufuli dogo? Miaka minne baadaye, mwaka 2016, wapiga kura walipandisha bei hiyo: kuongeza jambo katika katiba sasa kunahitaji asilimia 55 ya kura, pamoja na saini kutoka kila wilaya ya seneti ya jimbo. Marekebisho ya 64 yangevuka kizingiti hicho kipya kwa unyoya tu.

Uhuru unakuja wa tatu

Sehemu ya kwanza ni dibaji, na dibaji ndipo msemaji anapojitambulisha. Msemaji ni “watu wa Jimbo la Colorado”, katika nafsi ya tatu, na vitenzi vyake ni vya bungeni na mahakamani: wanabaini, wanatangaza. Raia wamevaa joho la taasisi. Wanabaini kwamba matumizi ya bangi yawe halali kwa mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, na wanataja sababu tatu: kutumia vizuri rasilimali za vyombo vya dola, kuongeza mapato kwa shughuli za umma, na uhuru wa mtu binafsi.

Mpangilio huo wa tatu si wa bahati. Polisi kwanza, hazina pili, uhuru mwisho. Ukiugeuza, utapata maandishi mengine kabisa: tangazo la haki ambalo kwa bahati nzuri linaleta na kodi. Ulivyo, ni hoja ya mhasibu ambayo kwa bahati nzuri inaleta na uhuru. Anayezungumzishwa katika sentensi hiyo si mvutaji. Ni mpiga kura wa vitongoji vya Denver ambaye hajawahi kuigusa bangi wala hana nia ya kuigusa, lakini amechoka kulipia kesi ndogondogo. Balagha ya dibaji inamfuata mtu huyo hatua kwa hatua.

Aya inayofuata inamtuliza zaidi. Inaorodhesha mambo matano yatakayohakikishwa: mnunuzi ataonyesha kitambulisho cha umri, kuwauzia walio chini ya miaka 21 kutabaki kosa, kuendesha gari ukiwa umelewa bangi kutabaki kosa, biashara itafanywa na wafanyabiashara halali walipao kodi, si wahalifu, na bidhaa zitakuwa na lebo. Takriri ya kitenzi “kubaki” ndiyo inayobeba aya. Katika tangazo la mageuzi makubwa, kitenzi kinachosikika zaidi ni cha kutobadilika.

Humo humo kuna mtelezo wa nafsi unaostahili kutazamwa. Baada ya “watu wa Jimbo la Colorado” kusema kwa nafsi ya tatu, ghafla wanataja afya na usalama wa “raia wetu”. Wetu wa nani? Ikiwa wanaosema ndio raia, basi raia wanawazungumzia raia kama mtawala anavyowazungumzia walio chini yake. Katika mtelezo huo ninaona ukweli wa maandishi yote: watunzi wameazima sauti ya serikali ili waiamrishe serikali, na sauti ya kuazima haikuwakaa sawasawa.

Orodha hiyo pia inaleta wahusika. Yupo shujaa, mfanyabiashara halali alipaye kodi, na yupo mwovu, mhalifu wa mtaani anayepaswa kuondoka jukwaani. Wahusika hao wawili wanatosha kusimulia kisa chepesi: biashara itatoka mkono wa huyu iende mkono wa yule. Mhusika wa tatu hayupo kabisa. Ni yule ambaye tayari ana hukumu ya bangi kwenye rekodi yake, ambaye jana aliitwa mhalifu kwa gramu zilezile ambazo kesho mwenzake atazinunua dukani. Tutarudi kwake.

Tashbihi iliyobeba kampeni nzima

Tashbihi kuu ya Marekebisho ya 64 inatajwa mara mbili katika dibaji: bangi itozwe kodi “kwa namna inayofanana na pombe”, na idhibitiwe “kwa namna inayofanana na pombe”. Ilikuwa jina la kampeni kabla haijawa lugha ya katiba, na ina historia. Mwaka 2006 Tvert na wenzake walipeleka kwa wapiga kura wa Colorado pendekezo jingine, Marekebisho ya 44, likaangushwa. Hoja waliyokuwa wakiihubiri miaka hiyo ilikuwa ya kushindanisha: bangi ni salama kuliko pombe. Kushindanisha kunamkera msikilizaji mwenye chupa ya bia mkononi, kwani kunamwambia kwamba starehe yake ndiyo mbaya zaidi. Miaka sita baadaye “kuliko” ikawa “kama”. Kufananisha hakumlaumu mtu. Kunamwambia tu kwamba kitu asichokijua kitawekwa pale kilipo kile anachokijua, chenye leseni, kitambulisho na kodi. Kwa kushawishi, mageuzi hayo ya tamathali yalikuwa kazi ya ustadi.

Kwa kutawala, tashbihi hiyo ilikuwa na kasoro, na kasoro inajionyesha ndani ya kifungu chenyewe. Pombe ina mahali pa kununuliwa na mahali pa kunywewa: baa, mgahawa, hoteli, uwanja wa mpira. Bangi ya kifungu cha 16 ina mashamba, viwanda vya bidhaa zake, maabara za kuipima na maduka. Aina hizo nne za biashara zinatajwa na kufafanuliwa moja moja. Baa ya bangi haimo. Maandishi yanamwambia mtu wapi atainunua, wapi ataikuza na kiasi gani atabeba. Hayamwambii wapi ataivuta, isipokuwa kwa kumwonyesha pale asipoweza.

Mgeni aliyefika Denver mwaka 2014 alikutana na pengo hilo mara moja. Dukani aliuziwa kihalali. Hotelini akakatazwa, kwa kuwa kifungu kinampa mwenye jengo haki ya kukataza. Barabarani na kwenye bustani za jiji kulikatazwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2006 kuhusu hewa safi ilikuwa imekwisha kufunga milango ya majengo ya umma kwa wavutaji. Mwenye nyumba yake hakuona tatizo. Mpangaji na mgeni waliliona. Ilifika 2019 ndipo bunge la jimbo lilipotunga sheria ya leseni za kumbi za kutumia bangi, na hata hapo likaiachia kila serikali ya mtaa iamue kama inazitaka. Tashbihi iliahidi mfanano. Ilipofika kwenye utekelezaji, kila mmoja alichagua ni upande upi wa mfanano aufuate.

“Na” hapa, “au” pale

Mahali ambapo tashbihi ilikaa kimya, viunganishi vilibaki kusema. Sehemu ya tatu, inayohusu matumizi binafsi, inamruhusu mtu kuwa na mimea isiyozidi sita, mitatu tu kati yake ikiwa imekomaa na kutoa maua, mradi iwe mahali palipozungushiwa na kufungwa, na kilimo chake kisifanywe waziwazi au hadharani. Aya mbili mbele, kuhusu kuvuta, maandishi yanasema hayaruhusu matumizi yanayofanywa waziwazi na hadharani, au kwa namna ya kuwahatarisha wengine.

Kwenye kilimo ni “au”. Kwenye kuvuta ni “na”. Kwa msomaji wa haraka ni kitu kimoja. Kwa sheria ni nchi mbili. Penye “au”, sharti moja linatosha kukutia hatiani: mmea unaoonekana kutoka mtaani umevunja sharti hata kama umo ndani ya ua wako. Penye “na”, lazima masharti yote mawili yatimie: anayevuta kwenye uwanja wa mbele wa nyumba yake anaonekana, ndiyo, yaani yu waziwazi, lakini je, yuko hadharani? Mwaka 2013 Baraza la Jiji la Denver lilijadili swali hilohilo kwa muda mrefu, likafikiria kukataza kuvuta kwenye uwanja wa mbele, na mwishoni likaacha. Kiunganishi kimoja kiliamua kama mtu aketi nje ya mlango wake au aingie ndani na kufunga pazia.

Sina hakika watunzi walikusudia tofauti hiyo, na sidhani kwamba nia yao ndiyo kipimo. Katika maandishi ya aina hii, herufi mbili zilizotoka kwenye kalamu zinakuwa amri sawa na aya nzima iliyofikiriwa usiku kucha.

Lugha ya ukanushi

Sentensi inayofungua sehemu ya tatu ndiyo moyo wa kifungu, na imejengwa kwa ukanushi mtupu. Bila kujali sharti jingine lolote la sheria, matendo yafuatayo si kinyume cha sheria, wala hayatakuwa kosa chini ya sheria ya Colorado au ya serikali yoyote ya mtaa ndani yake, wala hayatakuwa msingi wa kutaifisha mali. Yanafuata matendo: kuwa na bangi isiyozidi aunsi moja (takriban gramu 28), kuitumia, kuinunua, kuisafirisha, kuikuza, kumpa mtu mzima mwingine kiasi kisichozidi aunsi moja bila malipo, na kumsaidia mtu mzima mwingine katika lolote kati ya hayo.

Hakuna mahali ambapo sentensi inasema mtu ana haki. Inasema tendo si kosa. Haki ni kitu unachoweza kwenda nacho mahakamani na kumdai mtu mwingine akiheshimu. Kutokuwa na kosa ni ukimya wa polisi tu. Na ukimya huo una mipaka yake: “chini ya sheria ya Colorado”. Watunzi walijua kwamba sheria ya shirikisho ya 1970 kuhusu vitu vinavyodhibitiwa haisogei kwa kura ya jimbo, kwa hiyo wakapima maneno yao yaishie pale mamlaka yao yalipoishia. Ni uandishi mwaminifu. Pia ni uandishi unaomwacha mtu wazi.

Udhaifu huo umefungwa rasmi katika sehemu ya sita, ambapo takriri inarudi kwa sura nyingine: hakuna chochote katika kifungu hiki kinachokusudiwa kumlazimisha mwajiri, hakuna chochote kinachoruhusu kuendesha gari ukiwa umelewa, hakuna chochote kinachomzuia mwenye mali kukataza. Kila “hakuna chochote” ni mlango unaofungwa mbele ya mpiga kura mwenye wasiwasi, na nyuma ya kila mlango kuna mtu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Colorado iliamua kesi ya Coats dhidi ya Dish Network. Mlalamikaji alikuwa mgonjwa aliyepooza, aliyetumia bangi kwa idhini ya kifungu cha 14, nyumbani kwake, nje ya saa za kazi, akafukuzwa baada ya kipimo kuonyesha ameitumia. Jimbo lina sheria inayowalinda wafanyakazi wasifukuzwe kwa shughuli halali wanazofanya nje ya kazi. Mahakama ilisema kwa kauli moja kwamba “halali” maana yake ni halali kwa jimbo na kwa shirikisho pia. Kesi ilihusu bangi ya wagonjwa, lakini funzo lake linakiangukia kifungu cha 16 moja kwa moja: penye ukanushi peke yake, neno la uthibitisho likija kutafutwa halipatikani.

Kamusi yenye meno

Fasili huwa ndizo kurasa zinazorukwa na msomaji. Hapa ndipo mashaka ya watunzi yanapopata meno. Sehemu ya pili inafafanua maneno kumi na matano. Mengi ni ya kawaida, lakini la mwisho ni silaha. Idara ya Mapato inaambiwa itunge kanuni, ila kanuni hizo zisipige marufuku biashara ya bangi, ama kwa kutamka ama kwa kuifanya isitekelezeke kupita kiasi. Nini maana ya kutotekelezeka kupita kiasi? Fasili inajibu: ni pale ambapo kutimiza kanuni kunadai hatari, fedha, muda au rasilimali nyingine kiasi kwamba mfanyabiashara mwenye busara ya kawaida asingeona inafaa kuiendesha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ndio ufa waliouziba mapema. Walikuwa wameona jinsi kitu kinavyoweza kuruhusiwa kwa kalamu na kuuawa kwa fomu, ada na ukaguzi usioisha. Tazama pia nani amepewa cheo cha kuwa kipimo. Ni shujaa wa dibaji, mfanyabiashara, aliyerudi sasa akiwa mizani ya sheria. Swali la mahakama halitakuwa kanuni hii inamuumiza vipi mtumiaji, wala inamlinda vipi mtoto, bali mfanyabiashara mwenye busara angesemaje. Tangu sentensi ya kwanza hazina ilitangulia uhuru. Katika fasili ya mwisho mpangilio uleule umegeuka kuwa kanuni ya hukumu.

Kalenda kama hoja

Sehemu ya tano ndiyo ndefu kuliko zote na haina pambo hata moja. Ni kalenda. Kabla ya tarehe 1 Julai 2013 Idara iwe imetunga kanuni. Kabla ya tarehe 1 Oktoba 2013 kila serikali ya mtaa iwe imeteua chombo cha kushughulikia maombi, na siku hiyo Idara ianze kuyapokea. Leseni itolewe au ikataliwe ndani ya siku 90. Ada ya maombi isizidi dola 5,000, na nusu yake ipelekwe mara moja kwa serikali ya mtaa. Kisha linakuja sharti la vitisho kwa lugha ya kiofisi: Idara isipotunga kanuni, au ikikaa juu ya maombi, mwombaji atakwenda kwa serikali ya mtaa na kupewa leseni huko.

Huu ni uandishi wa mtu anayemjua vizuri mdeni wake. Haombi nia njema. Anaweka tarehe, na baada ya tarehe anaweka njia ya kumzunguka. Hata kuanza kutumika kwa kifungu kuliachwa kwenye tangazo la gavana, yaani mpinzani mwenyewe ndiye aliyelazimika kuufungua mlango. Hickenlooper alitia saini tarehe 10 Desemba 2012.

Serikali za mitaa zilipewa uhuru wa kukataa maduka. Colorado Springs, mji wa pili kwa ukubwa, ulikataa kwa zaidi ya muongo mmoja, hadi wapiga kura wake walipokubali Novemba 2024. Baraza la mji lilipojaribu kuwarudisha kwenye swali hilo katika uchaguzi wa Aprili 2025, jaji aliliondoa swali kwenye karatasi, kwani kifungu cha 16 kinasema kura ya namna hiyo ipigwe tu katika uchaguzi mkuu wa mwaka unaogawika kwa mbili. Hakuna aliyewahi kusifu sentensi hiyo kwa uzuri wake. Lakini miaka 12 baada ya kuandikwa ilifanya kazi iliyokusudiwa, bila kuhitaji tafsiri ya mtu. Hakuna sentensi ya dibaji inayoweza kudai hivyo.

Herufi kubwa za kodi

Kuna sauti nyingine iliyolazimika kuingia. Kifungu kinaamuru bunge litunge ushuru wa bidhaa usiozidi asilimia 15 hadi mwaka 2017, na dola milioni 40 za kwanza za kila mwaka ziende kwenye mfuko wa ujenzi wa shule za umma. Lakini katiba hiyohiyo, tangu marekebisho ya 1992 yanayojulikana kwa kifupi cha TABOR, inakataza kodi mpya bila kura ya wananchi, na inaamuru hata mwanzo wa swali: kodi za jimbo ziongezwe kwa kiasi fulani kila mwaka? Swali linaanza na gharama, na kwenye karatasi ya kura linaandikwa kwa herufi kubwa kama ukelele.

Kwa hiyo mwaka 2013 wananchi waliulizwa tena, katika Pendekezo la AA, kama kodi ziongezwe kwa dola milioni 70 kwa mwaka kupitia ushuru wa asilimia 15 na kodi maalumu ya mauzo ya asilimia 10. Walikubali. Kwa sababu makadirio yaliyochapishwa hayakuoana na mapato halisi ya jimbo, TABOR ikadai fedha zirudishwe, na mwaka 2015 wakaulizwa mara ya tatu kama jimbo libaki na dola milioni 66.1. Wakakubali tena. Mitindo miwili ya mashaka ilikutana hapo: watunzi wa 2012 wasiowaamini watekelezaji, na watunzi wa 1992 wasiowaamini watoza kodi. Mwananchi akawa mhariri anayeitwa tena na tena kuthibitisha aya aliyokwisha kuipitisha.

Mikono ya baadaye

Maandishi yenye tarakimu huzeeka haraka kuliko yenye kanuni. Fasili ya bangi ya viwandani, inayolimwa kwa nyuzi na mbegu, iliwekewa kiwango cha THC, kemikali ya bangi inayolevya, cha asilimia 0.3 ndani ya katiba. Miaka sita tu ilipita kabla wakulima hawajahofia kubanwa na tarakimu ya jimbo endapo shirikisho lingebadili yake, na mwaka 2018 wapiga kura waliitoa fasili hiyo katika katiba na kuielekeza kwenye sheria ya shirikisho au ya jimbo. Mimea sita kwa mtu nayo ilipunguzwa makali mwaka 2017, pale bunge lilipoweka ukomo wa mimea 12 kwa nyumba, hata wakazi wakiwa wengi. Aunsi moja ikageuka kuwa sakafu badala ya dari: mwaka 2021 bunge liliondoa adhabu kwa mwenye aunsi mbili, ingawa katiba bado inasema moja.

Na yule mhusika wa tatu? Kifungu hakisemi lolote kuhusu hukumu za zamani. Ukimya huo naufahamu kama uamuzi wa fani, kwani dibaji iliyojengwa juu ya shujaa na mwovu isingeweza kumwingiza mtu aliyewahi kuitwa mwovu kwa tendo ambalo sasa ni la shujaa. Angeliharibu pambano. Angemkumbusha mpiga kura kwamba mpaka kati ya wahusika wawili ulichorwa na sheria, si na tabia zao. Oktoba 2020 Gavana Jared Polis alisamehe hukumu 2,732 za kumiliki aunsi moja au pungufu, kwa uwezo ambao bunge lilikuwa limempa mwaka huohuo.

Kwa mizani ya uhakiki, basi, Marekebisho ya 64 ni maandishi mazuri zaidi katika kurasa zake zisizopendeza. Fasili, tarehe na masharti ya utaratibu ndiyo sehemu zilizofikiriwa na watu waliojua wanashughulika na nani. Dibaji ilishinda kura, na bila kura hakuna kifungu. Sifa hiyo haiwezi kunyang'anywa. Lakini atakayeandika sheria ya namna hii kwingineko asiige dibaji kwanza. Kilichoandikwa kwa tarehe kilitendeka kwa tarehe yake. Kilichoachiwa tashbihi, yaani mahali pa kuivuta bangi, kilisubiri miaka 7. Kisichoandikwa kabisa kilisubiri miaka 8, na kilipokuja kilikuja kama hisani ya gavana.